Lijue Doa Kabla ya Kulitia Dawa

Mazungumzo yetu ya leo hayahusu siasa wala habari za dola. Yahusu jambo dogo lisilokosekana katika nyumba yoyote yenye watu wanaokula, wanaofanya kazi na wanaovaa nguo, nalo ni madoa, na namna ya kuyaondoa kwa vitu vilivyomo nyumbani, kabla mtu hajaikatia tamaa kanzu yake au kanga yake na kuifanya tambara la kupangusia sakafu.

Huenda akawapo msikilizaji atakayesema kuwa hili si jambo la kuchukulia wakati wa redio, kwa kuwa kufua ni kazi ya karai, maji na sabuni, na kila mtu aijua tangu utotoni. Ningalimkubalia rai yake lau kuwa kila kanzu iliyomwagikiwa mchuzi siku ya karamu ingalirudi katika weupe wake, na lau kuwa kila shuka iliyoingia kutu ingaliokoka. Lakini mambo yalivyo sivyo. Aghalabu nguo inayotupwa haikuuawa na doa, iliuawa na dawa: mwenyewe aliliona waa, akashikwa na hamaki, akalimwagia chochote kilichokuwa karibu na mkono wake, kama ni maji ya moto, kama ni klorini, kama ni mafuta ya taa, kisha akafikicha kwa nguvu zake zote, na baada ya saa moja doa likawa limetanda zaidi, au limekaa palepale ilhali kitambaa kimechujuka na kutoboka.

Neno langu la leo basi ni moja, na mengine yote nitakayoyasema ni sherehe yake. Doa huondoka kwa maarifa, wala haliondoki kwa ukali wa dawa. Na maarifa yenyewe huanza kwa kuuliza doa limetokana na nini. Kadhi hakati hukumu kabla ya kumsikiliza mdai na mdaiwa, na mfuaji naye asitie mkono katika chupa ya dawa kabla hajajua kama alionalo ni damu au kutu, chai au samli, manjano au wino. Maana kile kinachomaliza doa moja huliimarisha doa jingine.

Kabla ya kuingia katika aina za madoa, yako mambo matatu yanayoyahusu yote, nayo yafaa yatangulie. La kwanza ni wakati. Doa bichi halijashikana na nyuzi za nguo, na mara nyingi maji baridi peke yake yatalitoa, ila likikauka na kulala siku tatu katika kapu la nguo chafu, kazi ya dakika tano huwa kazi ya siku nzima. Wahenga walituambia kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. La pili ni mkono. Doa bichi halifikichwi, hudonolewa kwa kitambaa safi kikavu mpaka kinyonye kinachonyonyeka, kisha nguo hugeuzwa, na maji hupitishwa kwa upande wa ndani, ili uchafu utoke kwa njia ileile uliyoingilia, usisukumwe ndani zaidi. La tatu ni moto. Msipige pasi nguo yenye doa, iwe pasi ya makaa au ya umeme, wala msiichovye katika maji yanayochemka kabla ya kujua asili ya doa lake, kwani madoa mengi yakishapata joto hayana tena marejeo.

Tuanze na fungu la madoa yanayotokana na miili: damu, maziwa, yai, jasho, na yale anayoyatapika mtoto mchanga begani kwa mamaye. Haya yote yana protini ndani yake, na tabia ya protini ni kuganda inapopashwa moto, jambo ambalo kila mpishi huliona ute wa yai unapokuwa mweupe na mgumu katika kikaango. Kwa hiyo amwagiaye damu maji ya moto kwa kudhani kwamba atailainisha, huwa ameipika juu ya nguo. Dawa yake ni maji baridi na chumvi: kijiko kimoja cha chakula cha chumvi katika lita moja ya maji, nguo ikalowekwa humo nusu saa au zaidi, maji yakabadilishwa yanapogeuka rangi, na sabuni ikaja mwisho. Nguo ikiwa nyeupe na kivuli cha damu kikabaki, inafaa kuidondoshea ile haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa madukani mwa dawa. Povu litakaloonekana lisiwatishe, kwani ndani ya damu mna kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo ikawa maji na oksijeni. Nguo za rangi msizitie, maana huzipausha.

Hapa kwetu tunayo dawa nyingine ya protini ambayo wengi huijua kwa kazi ya jikoni tu. Mpishi mwenye nyama ngumu huipaka papai bichi ikalainika, na sababu yake ni kwamba utomvu wa papai una kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho kazi yake ni kuzikata protini vipande vipande. Elimu ya namna hiyohiyo ndiyo aliyoifuata Mjerumani Otto Röhm katika hataza yake ya mwaka 1913 ya kutia vimeng'enya vya kongosho katika dawa ya kufulia, na sabuni nyingi za unga za siku hizi zina vimeng'enya vya namna yake. Mtu mwenye doa kongwe la damu au yai katika nguo ya pamba aweza kuliponda ganda la papai bichi, akalibandika penye doa kwa muda wa saa moja, kisha akasuuza kwa maji baridi. Hadhari iliyopo ni hii: hariri na sufu zenyewe ni protini, na kinachokula doa kitazila na nyuzi zake.

Fungu la pili ni mafuta: samli, mafuta ya nazi, mchuzi, mafuta ya nywele kwenye ukosi, grisi ya mnyororo wa baiskeli. Mafuta na maji havichangamani, kwa hiyo kumwaga maji juu ya doa la mafuta ni taabu isiyo na faida. Kwanza nyunyizeni juu yake kitu kikavu kinachonyonya, kama unga wa muhogo, poda ya mtoto, au chaki iliyosagwa, mkiache robo saa au zaidi, kisha mkikung'ute. Baada ya hapo ndipo sabuni iingie, na yafaa tujue sabuni inafanya nini. Kila chembe yake ina ncha mbili, moja hushikana na mafuta na ya pili hushikana na maji, hata mafuta yakasambaratika kuwa matone madogo mno, kila tone limezungukwa na chembe za sabuni, na maji yakayachukua. Katika fungu hili maji ya uvuguvugu yanafaa, kwa kuwa joto huyeyusha mafuta.

Kinachoipa sabuni msaada mkubwa juu ya mafuta ni magadi, au ndugu yake wa zamani ambaye ni maji ya jivu. Wazee wetu, kabla ya sabuni za dukani kuenea, walitoboa chungu kitakoni, wakaweka nyuzi za kumbi chini yake ziwe chujio, wakajaza jivu, na bora kabisa ni jivu la makumbi ya nazi kwa sababu lina potasi nyingi, kisha wakamimina maji ya mvua kidogo kidogo, na yaliyodondoka chini yakawa ya rangi ya hudhurungi na ya kuteleza. Maji hayo yakilowekewa nguo nzito za kazi huzilegeza uchafu wake wa mafuta kabla ya kufuliwa. Yakiteleza kupita kiasi baina ya vidole, ongezeni maji, kwani huko kuteleza ni alama ya kwamba yameanza kuila ngozi yenu wenyewe.

Wasiokuwa na jivu la kutosha wana magadi, nayo Mwenyezi Mungu ameyajaza tele katika nchi zetu. Katika Ziwa Magadi, upande wa Kenya, iliundwa kampuni ya kuyachimba mwaka 1911, na ng'ambo ya mpaka, Tanzania, Ziwa Natron nalo limefanya utando wake mweupe na mwekundu wa chumvi hiyohiyo. Magadi ya asili ni mchanganyiko wa chumvi mbili, moja kali iliyo ya kufulia, na moja laini ambayo ndiyo ile baikaboneti inayotiwa katika mikate na keki, na hiyo ndiyo sababu magadi yanayoivisha maharage upesi yafaa pia katika karai la kufulia. Basi mtengeneze dawa yenu hivi: robo ya mche wa sabuni ikwaruzwe kwa kikwaruzo, iyeyushwe katika lita moja ya maji ya moto, na yakishapoa kiasi cha kuvumilika mkononi vitiwe vijiko viwili vya magadi yaliyopondwa na kuchujwa mchanga wake. Ikilala usiku mmoja huwa nzito kama uji mwepesi, nayo hupakwa penye mafuta nusu saa kabla ya kufua. Hii ni dawa ya pamba na kitani. Hariri na sufu haziwezi magadi, nazo zioshwe kwa sabuni laini peke yake.

Kuhusu lami na grisi nyeusi ya magari, hapo ndipo usemi wa dawa ya moto ni moto unapopata ushahidi wake, kwa maana mafuta magumu hulainishwa na mafuta mepesi. Paka samli kidogo au mafuta ya kupikia, sugua taratibu mpaka lami ilegee, ipanguse, kisha lishughulikie doa jipya la mafuta kwa njia niliyokwisha kuitaja. Wako watumiao mafuta ya taa, nayo yanafanya kazi, walakini yatumiwe nje, mbali na jiko na sigara, na nguo ianikwe penye upepo mpaka harufu iishe kabisa kabla haijakaribishwa pasi.

Fungu la tatu ni la mimea: chai, kahawa, komamanga, maji ya mabibo, na utomvu wa ndizi ambao kila mkulima ana alama yake katika shati. Kinachotenda kazi hapa ni tanini, ambayo ndiyo hiyohiyo iliyomo katika magome ya mikoko ya pwani yetu, yaliyokuwa yakipelekwa ng'ambo kutengenezea ngozi. Kitu chenye uwezo wa kushikamana na ngozi ya ng'ombe mpaka ikawa kiatu hakitashindwa na kanzu. Tanini ina adui na ina rafiki. Adui yake ni maji mengi ya baridi yanayoiwahi ingali mbichi, na baada ya hapo siki nyeupe, vijiko viwili katika kikombe cha maji, ikipakwa na kuachwa robo saa kisha ikasuuzwa. Rafiki yake ni chuma. Tanini ikikutana na chuma hufanya weusi, na wino wa waandishi wa zamani ulitengenezwa kwa makutano hayo. Kwa hiyo anayeloweka kitambaa cha meza chenye chai katika beseni lenye kutu anajitengenezea wino bila ya kukusudia. Kadhalika msianze kwa kulisugua doa la chai au tunda kwa sabuni ya mche, kwani sabuni ya namna hiyo huweza kulikaza mahali pake. Siki itangulie, sabuni ya unga ifuate.

Utomvu wa ndizi una hila yake peke yake. Unapodondoka hauna rangi, mtu huudharau, na hewa ikishaupata siku moja au mbili huwa kahawia iliyokoza, na sabuni zote za duka zikawa bure. Ukiwahiwa ukiwa mbichi kwa maji na sabuni, kitu kitatoka, na ukishakauka insafu inatutaka tukiri kwamba haupo mchanganyiko wa nyumbani ninaoweza kuwadhaminia. Dawa yake iliyo bora ni desturi ya wakulima, ya kuwa na nguo maalumu ya kukatia mikungu, ikapata madoa yake kwa ridhaa ya mwenyewe.

Fungu la nne ni kutu, na katika hili dawa za nyumbani zinazishinda nyingi za dukani. Kutu hutoka katika msumari wa kamba ya kuanikia, katika pini iliyosahauliwa, katika kifungo cha chuma, au katika mfereji wa zamani. Sabuni haina la kufanya hapo kwa kuwa kutu si mafuta, na klorini huifanya iwe mbaya zaidi. Kinachotakikana ni asidi yenye uwezo wa kukishika chuma na kukitoa, na asidi hiyo imo katika ndimu. Kamua ndimu mbili, changanya na kijiko cha chumvi, paka penye kutu, tandaza nguo juani, na kila inapokauka kidogo ilowanishe kwa maji mengine ya ndimu, mpaka uone ile rangi ya machungwa inafifia mbele ya macho yako.

Wenzetu wa Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu wana tunda lenye nguvu kuliko ndimu katika kazi hii, nalo ni birimbi. Tunda hili tunalotengenezea achari lina asidi ya oksaliki kwa wingi, na asidi hiyo ndiyo inayonunuliwa na mafundi kwa kazi ya kuondolea kutu. Birimbi mbili tatu zilizopondwa, zikasuguliwa juu ya doa na kuachwa nusu saa, aghalabu hutosha. Lakini iwe ndimu au iwe birimbi, nguo isuuzwe kwa maji mengi mara baada ya kazi kwisha, kwani asidi iliyoachwa ikaukie ndani ya pamba huidhoofisha, na nguo iliyotakata leo itachanika mwezi ujao pasipo mtu kujua sababu.

Fungu la tano ni rangi, na bingwa wa rangi katika nyumba zetu ni manjano. Hakuna doa linalowahangaisha watu kama hili, na hakuna ambalo tabia yake ni ya ajabu zaidi. Rangi yake, ambayo wataalamu huiita kurkumini, haiyeyuki katika maji bali hupenda mafuta, kwa hiyo inapofika kwenye nguo ikiwa ndani ya mchuzi wa nazi huingia pamoja na mafuta hayo mpaka ndani ya uzi. Mtu akipaka sabuni huiona imegeuka ghafla kutoka rangi ya manjano ikawa nyekundu ya damu ya mzee, akashtuka, akadhani ameiangamiza nguo. Asishtuke. Manjano hugeuka kuwa nyekundu kila inapokutana na sabuni au magadi, na hurudi katika rangi yake inapokutana na siki au ndimu, wala kugeuka huko hakuongezi doa wala hakulipunguzi.

Njia ya kuitoa ni kufua kwanza yale mafuta kwa sabuni na magadi kama tulivyosema, kisha kuikabidhi nguo kwa jua. Mwanga wa jua huivunja kurkumini mpaka ikapoteza rangi, na hakuna dawa ya chupa inayofanya kazi hiyo kwa upole kuliko hilo. Nguo itandazwe ingali na maji, doa likiwa juu, na ikikauka inyunyiziwe tena. Doa jepesi huondoka kwa siku moja, na zito laweza kutaka siku mbili tatu. Bila shaka jua hilohilo hupausha na kanga, kwa hiyo njia hii ni ya nguo nyeupe, na nguo ya rangi ianikwe kwa kiasi na kwa kuangaliwa.

Madoa mengine ya rangi nayapita kwa ufupi. Wino wa kalamu za siku hizi hutolewa kwa spiriti ya hospitali, kitambaa safi kikiwekwa chini yake, na doa likadonolewa kutoka pembeni kuelekea katikati. Hina hushika hariri na sufu kwa nguvu ileile inayoshika viganja vya bibi harusi, kwa hiyo iwahiwe mara moja kwa maji baridi na sabuni, ama sivyo ikubaliwe kuwa pambo. Vidoadoa vyeusi vya kuvu, vinavyoota masika katika nguo zilizokunjwa na unyevu, huhitaji jua, ndimu na chumvi, na vikishakomaa ndipo klorini kidogo iliyozimuliwa inapofaa, katika pamba nyeupe tu.

Sasa, mabibi na mabwana, nifike kwenye jambo lililonisukuma hasa kuyaleta mazungumzo haya. Imeenea siku hizi dawa ya kujitengenezea inayosifiwa kwa kila doa, nayo ni kuchanganya siki na magadi katika chupa moja. Watu hulipenda povu lake, wakaamini kwamba kinachochemka kwa kishindo namna ile hakikosi kuwa na nguvu. Ukweli ni kwamba siki ni asidi na magadi ni kinyume cha asidi, na vikikutana kila kimoja humwua mwenzake. Povu ni hewa ya kaboni inayotoroka, na kinachobaki katika chupa ni maji yenye chumvi hafifu, yasiyoweza kazi ya siki wala kazi ya magadi. Siki ina madoa yake, ambayo ni ya chai na matunda. Magadi yana madoa yake, ambayo ni ya mafuta na jasho. Mwenye doa la chai yenye maziwa na siagi, ambalo lina yote, na atumie maji baridi kwanza, kisha siki, kisha asuuze, kisha magadi na sabuni, moja baada ya jingine. Fauka ya hayo, mchanganyiko huo ukifungwa katika chupa yenye kizibo ungali ukichemka, chupa yaweza kupasuka.

Hilo ni la hasara, na liko la hatari. Ile dawa ya klorini ambayo wengi huiita jiki ina historia ndefu. Mwanakemia Scheele aliigundua klorini mwaka 1774, na mwenzake Berthollet katika miaka ya 1780 akaonyesha huko Ufaransa kwamba inatakasisha vitambaa, hata wafumaji waliokuwa wakitandaza kitani majanini miezi kwa miezi wapate weupe wa jua wakaimaliza kazi ileile kwa muda mfupi. Ni chombo chenye manufaa, na ni sumu. Ikichanganywa na siki, ndimu au asidi yoyote, hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Ikichanganywa na amonia, au ikimwagwa juu ya nepi zilizojaa mkojo wa siku nyingi, hutoa gesi nyingine zenye madhara. Mtu aliye katika bafu dogo lisilo na dirisha, akifanya hivyo kwa nia njema ya kuitakasa nguo ya mwanawe, aweza kuanguka kabla ya kuita msaada. Kwa hiyo klorini itumiwe peke yake, imezimuliwa kwa maji baridi mengi, penye hewa, kwenye pamba nyeupe. Na isiguse hariri, sufu, wala kanzu yenye darizi ya uzi wa rangi shingoni.

Na kwa kuwa tumeitaja darizi, sharti tuseme neno juu ya nguo yenyewe. Dawa iliyo salama kwa shuka ya pamba yaweza kuwa maangamizi kwa kofia ya mkono iliyoshonwa miezi mitatu. Kila dawa mpya na ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana, kwenye upindo au ndani ya mshono, kwa tone moja, ikaachwa robo saa. Kama rangi haikuchuja wala uzi haukulegea, ndipo iende kwenye doa. Kanga mpya isichanganywe na nyeupe katika karai moja, na nguo iliyotiwa dawa moja isuuzwe mpaka maji yatoke matupu kabla haijatiwa nyingine.

Pengine, baada ya juhudi zote hizi, kivuli chepesi kitabaki, nami najua wako wanaoona dhiki moyoni kwa ajili ya nguo zao za swala. Mafakihi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo wengi wa pwani yetu wanayoyafuata, wamelisahilisha jambo hili tangu zamani: najisi ikishaoshwa kama ipasavyo, na rangi yake ikawa ngumu kutoka, hiyo rangi iliyobaki husamehewa, na nguo ni tohara. Na doa la chai, la manjano au la kutu halikuwa najisi tangu mwanzo. Basi asiwepo mtu atakayeitoboa kanzu yake kwa klorini akitafuta tohara ambayo keshaipata.

Wasikilizaji wangu, wakati umenipungukia. Ninachowaomba ni kwamba kesho mtenge rafu moja ndogo, iliyo juu, watoto wasiifikie, mweke chumvi, magadi, siki na spiriti, kila kimoja katika chombo chake kilichoandikwa jina lake, msitumie chupa za soda wala za maji ya kunywa, na klorini iwekwe mbali na vyote hivyo. Ndimu na birimbi ziko sokoni au mtini, na jua halina bei. Doa likitokea, ulizeni kwanza limetoka wapi, chagueni dawa moja inayolifaa, na msuuze kabla ya kujaribu ya pili. Mkifanya hivyo mtaokoa nguo nyingi na fedha nyingi, na mikono ya wanaofua itapumzika.